Karatasi ya rangi, TLC, GC au HPLC: ipi ya kupimia mabaki ya kemikali kwenye dawa za skani za mionzi

Nikikaa na vijana wanaosomea kemia pale chuo kikuu cha TUM, Tudor, ama na wenzangu wa maabara za hospitali hapa Mombasa, mazungumzo yakifika kwa skani za PET, zile za kudungwa dawa yenye mionzi ili kamera ione ugonjwa mwilini, swali huwa ni lile lile, mashine gani ndo bora ya kupimia uchafu uliobaki kwenye ile dawa, GC (gesi inaisukuma sampuli ndani ya mrija mwembamba, kolamu, vitu vinaachana njiani) au HPLC (kazi ni hio hio ila ni kimiminika kinachosukumwa kwa presha), na zile karatasi za kubadilika rangi si mambo ya kizamani hayo? Mie naona swali limeanzia mkiani. Mwanzo uliza dawa yenyewe imetengenezwa kwa kemikali gani, maanake huwezi kukuta kwenye kichupa kitu ambacho hakikuingia wala hakikuzaliwa njiani, halafu utazame saa, umebakisha dakika ngapi kabla dawa haijaisha nguvu, hapo ndo uje kwa mashine na bei yake. Ukienda hivyo utaona hivi vipimo vinne, karatasi, TLC (bamba jembamba la silika, kiyeyusho kinapanda na kila kitu kinasimama kimo chake), GC na HPLC, wala havigombanii kazi moja, kila kimoja kina uchafu wake, na kuna mahali kikaratasi cha bei ndogo kinaishinda mashine ya mamilioni.

Tuanze na saa, sababu hio ndo inayotutesa sisi watu wa Pwani. Dawa inayotumika sana kwa PET ni FDG, ni sukari iliyofungwa fluorini-18, na hio fluorini nusu yake inapotea kila dakika 110 hivi. Siklotroni, zile mashine za kuitengeneza, zilizo karibu nasi ziko Nairobi, Aga Khan University Hospital na ile hospitali ya rufaa ya Kenyatta University. Sasa piga hesabu. Ukiitia kwa gari ije Mombasa, kilomita 480 hivi, tuseme masaa 8, itafika na asilimia 5 tu ya nguvu iliyotoka nayo. Kwa mwendo wa treni, masaa matano na nusu, inabaki moja ya nane. Kwa ndege, ukijumlisha kufunga mzigo, foleni za Nairobi, kukaguliwa, kuruka, na kutoka uwanja wa Moi mpaka hospitali, tuseme masaa 3 mambo yakienda sawa, inabaki kama theluthi. Ndo maana mgonjwa wetu wa Likoni ama Mtwapa anapanda treni Miritini aifuate dawa, dawa haiwezi kumfuata yeye. Na hata huko huko Nairobi kila kipimo cha nusu saa kinakula asilimia 17 ya kilichotengenezwa, ni kama katika kila wagonjwa sita mmoja amekosa dozi yake. Kipimo cha dakika 10 kinakula asilimia 6. Galiamu-68, nayo ya PET, ni kali zaidi, nusu yake ni dakika 68, kwa hivyo nusu saa ya kusubiri majibu inaondoka na robo nzima na zaidi kidogo. Teknishiamu-99m, ya skani za kawaida za gamma kamera, ndo yenye huruma, ina masaa 6.

Kwa hivyo mtu akikwambia mashine fulani ni nzuri zaidi sababu inatoa namba kamili, muulize inatoa baada ya dakika ngapi.

Kryptofix: hapa karatasi inashinda

Fluorini ikitoka siklotroni inakuwa kwenye maji na imetulia, haitaki kushikana na kitu. Ndo inaongezwa kaboneti ya potasiamu na Kryptofix 222, ambayo inaizingira ile potasiamu na kuiacha floridi iko huru kufanya kazi ndani ya kiyeyusho cha asetonaitrili. Kazi ikiisha Kryptofix haitakiwi tena, ni sumu, inaondolewa kwenye vichujio, na lazima uthibitishe imetoka kweli kabla sindano haijamfikia mtu. Kitabu cha dawa cha Marekani kinaweka kikomo cha mikrogramu 50 kwa kila mililita, cha Ulaya kinasema miligramu 2.2 kwa ile dozi kubwa kabisa ambayo mgonjwa mmoja anaweza kupewa.

Kipimo cha karatasi ni hivi: una kipande cha silika kilicholowekwa ayodoplatineti, unadondosha tone la dawa, pembeni yake tone la maji lisilo na kitu, na pembeni tena tone la Kryptofix uliyoipima mwenyewe iwe mikrogramu 50 kwa mililita, halafu unalinganisha. Kryptofix ikiwepo doa linaingia weusi wa buluu, na doa la dawa likiwa jepesi kuliko doa la kulinganishia umepita. Dakika tano, hakuna umeme, unatumia tone dogo sana kwa hivyo hata vidole vyako havili mionzi mingi. Njia ya zamani zaidi ya kupandisha bamba kwa methanoli na amonia kisha kulitia kwenye mvuke wa ayodini nayo inafanya kazi, lakini inachukua muda zaidi na amonia kwenye chumba kidogo ni taabu, sioni sababu ya kuichagua leo.

HPLC, hasa ikifungwa na ile mashine ya kupima uzito wa molekuli, itakupa namba yenye desimali. Lakini swali lenyewe ni imezidi ama haijazidi, na karatasi inajibu hilo. Mie nachagua karatasi bila kusita, kwa masharti. Doa la kulinganishia liwekwe kila siku, si kuangalia picha iliyobandikwa ukutani, maanake rangi inabadilika kwa mwanga wa chumba na kwa umri wa karatasi. Anayesoma awe amepimwa macho ya rangi, hili watu wanalipuuza na ni kosa kubwa. Na ukumbuke kemikali nyingine za jamii ya amini pia zinaweza kutia doa, kwa hivyo doa likitokea usilitetee, dawa inasimama mpaka ujue ni nini.

Sasa rudi kwa lile swali la mwanzo, dawa imetengenezwa kwa nini. Kuna wanaotengeneza FDG bila Kryptofix kabisa, wanatumia tetrabutilamonia mahali pake. Hapo kipimo cha Kryptofix kitatoka safi kila siku ya Mungu na hakitakuwa kimekwambia chochote, unatakiwa utafute tetrabutilamonia yenyewe, na kwa hio HPLC ndo yenye jibu la kutegemewa. Maabara ikibadilisha kaseti za kutengenezea (seti ya mirija na kemikali za kupikia dawa) bila kubadilisha orodha ya vipimo, mgonjwa ndo anayebeba hatari.

GC: hii haina mbadala

Asetonaitrili niliyoitaja hapo juu, na ethanoli, na wengine hutumia asetoni ama etha, hizi zote ni viyeyusho, na hakuna karatasi wala TLC itakayokupa jibu la maana kuhusu kiasi kilichobaki. Hapa ni GC peke yake. Kikomo cha asetonaitrili ni sehemu 410 kwa milioni, yaani miligramu 0.41 kwa mililita, na ni kidogo hivyo kwa sababu mwili unaibadilisha polepole kuwa sianidi. Ethanoli imeruhusiwa zaidi, asilimia 0.5.

Ndani ya GC kwenyewe kuna uchaguzi ambao wauzaji hawakuelezi vizuri. Kuna kudunga sampuli moja kwa moja, mikrolita 1 ya dawa yenyewe, na kuna njia ya kupasha kichupa moto halafu mashine ivute ile hewa ya juu. Ya pili ni safi sana, chumvi na sukari haziingii kwenye kolamu, na kwa viwanda vya dawa za kawaida mie ningekwambia nunua hio na usiangalie nyuma. Lakini kichupa kinataka kupashwa mpaka kitulie, dakika kumi, ishirini, wengine zaidi, kisha ndo kolamu ianze kazi, na wewe una fluorini inayoyeyuka. Kwa dawa za PET chagua kudunga moja kwa moja, na ukubali gharama yake: kile kibomba cha kioo cha mlangoni kitajaa sukari iliyoungua na lazima ukibadilishe mara kwa mara, ukikiacha utaona kilele cha asetonaitrili kwenye mchoro wa mashine kinaanza kuvuta mkia, halafu siku moja namba inatoka ndogo kuliko ukweli, na hio ndo mbaya kuliko zote, maanake dawa chafu inapita.

Ujanja wenye faida ni kuamsha GC mapema. Dunga ile sampuli ya kulinganishia kabla siklotroni haijaanza kupiga, uone vilele viko mahali pake, ili dawa ikishuka mashine iko moto na imethibitishwa, unadunga, na ukiwa na kolamu fupi dakika chache umemaliza. Mtu anayeanza kuhangaika na GC wakati kichupa kishatoka amechelewa.

Kuhusu gesi, heliamu ni ghali na kuisubiri ni mtihani. Kwa vile ditekta ya moto, kile kihisio cha GC, inataka haidrojeni hata hivyo, kijenereta cha haidrojeni kinaweza kubeba kazi zote mbili, lakini kolamu na mipangilio ipimwe upya na chumba kiwe na hewa ya kutosha, si kile chumba cha stoo kilichogeuzwa maabara. Na umeme, jamani. GC ikizimika katikati inataka muda kurudi kwenye joto lake na kutulia, kwa hivyo betri kubwa ya kuishikilia hesabu ndani ya bei ya mashine tangu mwanzo.

Kabla sijaondoka kwa ethanoli, hapa kwetu wagonjwa wengi ni Waislamu na kuna siku mtu atauliza, mwanangu, nimesikia kuna pombe ndani ya hio sindano, ni kweli? Ajibiwe kwa heshima na kwa ukweli. Ndio, ethanoli kidogo inaweza kuwemo, na mara nyingine inawekwa kusudi kwa sababu mionzi yenyewe inaivunja FDG na ethanoli inazuia hilo. Kwa kikomo chake ni miligramu 5 kwa mililita, kwa sindano ya mililita 5 ni miligramu 25 kwa wingi wake. Akitaka kuuliza shehe wake basi apewe namba hizo aende nazo, na namba hizo zinatoka kwa GC, kwa hivyo yule aliyepima vibaya amemdanganya na shehe pia.

TLC na HPLC kwa mionzi yenyewe

Hapa watu wanadhani HPLC ni TLC iliyoboreshwa. Hapana. TLC ya FDG unaweka tone kwenye silika, unapandisha kwa asetonaitrili 95 na maji 5, floridi iliyo huru inabaki chini ilipowekwa, FDG inapanda katikati, ile FDG ambayo haijakamilika, bado haijavuliwa asetili, inakimbilia juu. Uzuri wake ni kwamba kila kitu ulichoweka bado kiko kwenye bamba, hakuna kilichojificha. HPLC inaona tu kile kilichotoka upande wa pili, na floridi ina tabia ya kung'ang'ania ndani ya kolamu nyingi za silika, kwa hivyo mashine inaweza kukuchorea usafi wa kupendeza huku floridi imekwama ndani. Na galiamu pia ni hivyo hivyo, ile iliyogeuka chembechembe haitoki kwenye kolamu. Kwa kujua mionzi imeshikana na dawa ama haikushikana, kama ni lazima uchague moja, chagua TLC. Marekani wanataka FDG isipungue asilimia 90 ya usafi huo, Ulaya 95.

Lakini silika na hewa ya Mombasa hawaelewani. Bamba likikaa wazi kwenye unyevu wetu huu linanyonya maji, na likishanyonya madoa yanapanda kuliko yanavyotakiwa na kusogeleana, unaanza kusoma floridi na FDG kama kitu kimoja. Mabamba yakae kwenye chombo kilichofungwa chenye dawa ya kukausha, utoe unalotumia tu, na ukiwa na wasiwasi likaushe kwenye oveni kabla. Karatasi za Kryptofix na zile za kupimia alumini, nitazitaja mbele, nazo ni vivyo hivyo.

HPLC ina mahali pake pasipo na mpinzani: ClDG. Hii ni ndugu yake FDG ambaye klorini imekaa mahali pa fluorini, inazaliwa hasa pale hatua ya mwisho inapofanywa kwa asidi ya haidrokloriki, na Ulaya wanaikubali mpaka miligramu 0.5 kwa dozi. TLC haiwezi kuitenganisha, GC haiioni. Inatakiwa kolamu ya kubadilishana ioni, soda kostiki, na ditekta ya umeme inayopiga kwa mapigo, kisha uilinde ile soda kostiki isinyonye hewa ya ukaa maana ikinyonya majibu yanayumba. Ni kifaa chenye kudeka. Kama mtengenezaji wako anatumia soda kostiki badala ya asidi kwenye hatua hio, hatari ya ClDG inashuka sana, na mzigo wa mashine hii unashuka nayo, kwa hivyo swali la kwanza kwa muuzaji wa kaseti ni hilo.

Galiamu na HEPES

Galiamu-68 inatoka kwenye jenereta, si ile ya umeme, ni kifaa kidogo chenye kemikali mama ya mionzi inayoizaa, siklotroni haihitajiki, kwa hivyo hii ndo PET ambayo hata Mombasa mtu anaweza kuiota kwa haki. Wengi wanaipika ndani ya bafa ya HEPES, kimiminika cha kushikilia kiwango cha asidi kisiyumbe, na Ulaya iliweka kikomo cha mikrogramu 200 kwa dozi, ikapimwa kwa TLC na mvuke wa ayodini, doa kwa doa. Tofauti na Kryptofix, hapa jicho linachoka, doa la HEPES karibu na kikomo ni la manjano hafifu na watu wawili watabishana, HPLC inatoa namba na inafaa kuliko. Lakini ushauri wangu si huo wala ule. Tumia bafa ya asetati. Kemikali ambayo hukuitia huna haja ya kuipima, umeokoa dakika, na kwa galiamu dakika ni dawa.

Teknishiamu: mahali pa kuanzia kwetu

Mwenye kupanga gamma kamera hapa Pwani, hata ya kawaida, habari njema ni kwamba jenereta ya molibdenamu inasafiri, molibdenamu-99 nusu yake ni masaa 66, inafika na nguvu ya kutosha. Na kemikali ya kuogopa kwenye ile unayoikamua kila asubuhi ni alumini, inayotoka kwenye alumina ndani ya jenereta. Kikomo cha Marekani ni mikrogramu 10 kwa mililita. Kipimo ni karatasi: tone la dawa, tone la kulinganishia, tazama wekundu. Dakika moja. Kuna mashine zinazopima alumini kwa usahihi mkubwa ajabu na hakuna hata moja unayoihitaji kwa kazi hii, na usiruhusu mtu akuuzie. Alumini ikizidi, dawa ya koloidi ya salfa, ile ya kupigia picha ini, inagandana na kwenda kunasa mapafuni badala ya ini, daktari anasoma picha ya ugonjwa ambao haupo.

Pamoja nayo kuna molibdenamu iliyoponyoka, hii ni uchafu wa mionzi si wa kemikali lakini siwezi kuiruka: isizidi kilobekereli 0.15 kwa kila megabekereli ya teknishiamu, na kikomo hicho kinahesabiwa wakati wa kumdunga mgonjwa. Teknishiamu inapungua haraka, molibdenamu inapungua polepole, kwa hivyo kichupa kilichopita asubuhi kinaweza kuwa kimeshindwa jioni. Andika saa ambayo kinaisha haki ya kutumika, uandike kwenye kichupa chenyewe.

Sasa ununue nini

Kama ni wewe unaanza na teknishiamu Mombasa, karatasi za alumini, vipande vya TLC, kipimio cha mionzi chenye ngao ya risasi ya kupimia molibdenamu, na kabati kavu la kuvihifadhia, hapo umekamilika kwa upande huu na pesa iliyobaki iende kwa mafunzo ya watu. Ukiongeza galiamu, ongeza mashine ya kusomea TLC inayohesabu mionzi, na HPLC ndogo ukishindwa kabisa kuepuka HEPES, pia GC ikiwa ethanoli inatumika kusafishia na hakuna maabara jirani ya kukupimia. Kwa mwenye siklotroni mpangilio ni GC kwanza, na kama mfuko unaruhusu ziwe mbili, maanake ya kwanza ikiharibika asubuhi dawa yote ya siku hio inakwama na kuna mtu ametoka Kwale usiku hajala kwa ajili ya skani, halafu TLC, halafu karatasi za Kryptofix, na HPLC ya ClDG iwe ya mwisho na kwa wale tu ambao kemia yao inaidai.

Halafu kabla ya kutoa LPO mwite muuzaji umuulize mbele ya fundi wako: ditekta ikifa, fundi anatoka wapi na anafika baada ya siku ngapi, Kryptofix safi ya kutengenezea doa la kulinganishia ataileta nani na ina cheti, na karatasi alizoziweka kwenye bei zinaisha muda lini. Tarehe hio aitoe kwa maandishi, sababu karatasi iliyobakisha miezi miwili ikifika bandarini na ikakaa kwa clearance, itakufikia imekwisha.